Kati ya Makabidhiano na Kipindi cha Kwanza

Miradi ya kuwawezesha wakufunzi wa vyuo kufundisha kwa kutumia TEHAMA huandikwa kwa lugha inayofanana. Patakuwa na maabara ya kompyuta, projekta katika kila ukumbi, intaneti ya kasi, mfumo wa kuhifadhi masomo mtandaoni, na mafunzo kwa walimu. Muda wa utekelezaji ni miezi 12 au 18. Mwishoni mwa andiko kuna jedwali la viashiria: vyumba vingapi, mashine ngapi, wakufunzi wangapi wamepitia mafunzo. Kiashiria ambacho mwanafunzi angekiuliza kwanza ndicho kinachokosekana mara nyingi: ni lini mwalimu wangu ataingia darasani na kufundisha somo langu kwa vifaa hivyo, umeme ukiwapo, mlango ukiwa wazi, na kila mmoja wetu akiwa na pa kukaa?

Naandika nikiutazama ukanda unaoanzia Njiro, ukapita katikati ya jiji la Arusha, ukaenda Tengeru, Patandi hadi Usa River, chini ya Mlima Meru. Ni ukanda wenye vyuo vingi vya aina tofauti, vilivyoachana kwa nauli ya daladala moja au mbili: ualimu, uhasibu, ufundi, kilimo na mifugo, maendeleo ya jamii. Sitataja chuo wala mradi, kwa kuwa mwenendo ninaouzungumzia ni wa wengi, na ukiutazama kwa utulivu utaona kwamba waliohusika karibu wote walifanya kazi waliyopewa.

Nchi yetu ina kumbukumbu ndefu katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza iliingia serikalini mwaka 1965. Mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku, baada ya mfumo wa mahesabu uliotegemewa sana kutoleta matokeo yaliyotarajiwa. Sera ya Taifa ya TEHAMA ya kwanza ilikuja 2003, nyingine ikafuata 2016, na leo hakuna anayebishana kama chuo kinahitaji kompyuta au la. Mjadala umehamia kwenye utekelezaji, na huko mambo madogo ndiyo yanayoamua.

Tuanze na mipango. Andiko la mradi kwa kawaida huandikwa kwa haraka, kwa sababu dirisha la maombi lina tarehe ya kufungwa. Mkuu wa idara anaombwa idadi ya wanafunzi, naye anatoa ya mwaka huo. Idadi ya kompyuta hupatikana kwa kuigawa bajeti kwa bei ya mashine moja. Mchoro wa chumba huchukuliwa kutoka mradi uliotangulia. Hakuna ubaya wowote katika hatua hizi, lakini angalia nani hakuulizwa. Mkufunzi wa ualimu anataka wanafunzi wageukiane na kufanya kazi kwa vikundi, na meza zilizofungwa sakafuni zikitazama mbele zinamnyima hilo moja kwa moja. Mkufunzi wa mifugo anataka picha ya ini la ng'ombe mwenye ugonjwa ionekane vizuri kwa aliyekaa mstari wa nyuma. Kwake ubora wa projekta na giza la chumba ni muhimu kuliko idadi ya kompyuta. Wa uhasibu anataka kila mwanafunzi awe na kibodi yenye vitufe vya namba pembeni. Maswali ya nusu saa tu kwa watu hawa watatu yangebadilisha mchoro, na gharama ya kuubadilisha mchoro ukiwa bado karatasi ni ndogo mno.

Baada ya andiko kuna kalenda, na kwa Arusha kalenda ina ugumu wake. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Fedha za maendeleo hutoka kwa awamu. Kutangaza zabuni, kuzifungua, kuzitathmini, kuwapa walioshindwa muda wa kulalamika, kisha kusaini mkataba: kila hatua ina siku zake na ina sababu ya kuwapo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya 2011, ililenga pamoja na mengine kufupisha mchakato huo. Hata hivyo ni jambo la kawaida mkandarasi kukabidhiwa eneo la kazi Januari au Februari. Machi masika yanaanza.

Anayeishi huku anajua maana yake. Upande wa kusini wa Meru, kuelekea Akheri, Poli na Nkoaranga, mvua ni nyingi kuliko mjini, ndiyo maana migomba na kahawa vimestawi pale. Ukizunguka mlima hadi Oldonyosambu au Ngarenanyuki unakuta ukame. Ratiba ya ujenzi iliyoandaliwa ofisini haitofautishi pande hizi mbili. Msingi unajaa maji, lori la mchanga linakwama kwenye barabara ya udongo, zege haliwezi kumwagwa. Ikifika Mei, Juni 30 iko karibu na fedha isiyotumika iko hatarini kurudishwa. Hapo uamuzi unaofanyika mara nyingi, na wenye mantiki kabisa kwa aliyeko ofisi ya manunuzi, ni kununua vifaa kabla chumba hakijapakwa rangi.

Vifaa hivyo vinakaa stoo kwenye maboksi. Dhamana ya muuzaji, ambayo mara nyingi ni ya mwaka mmoja, kwa kawaida inahesabiwa tangu siku vilipopokelewa. Chumba kikikamilika Desemba, nusu ya dhamana imekwisha kabla mashine ya kwanza haijawashwa. Betri za kuhifadhi umeme nazo huzeeka zikikaa bila kuchajiwa. Katika taarifa ya utekelezaji, kipengele cha ununuzi wa vifaa kimeandikwa asilimia 100, na ni kweli.

Ujenzi wenyewe, kwa maoni yangu, ni sehemu inayofanyika vizuri kuliko inavyosemwa. Mafundi wa Arusha wanajua kazi. Kuta zinasimama, paa halivuji, vigae vinapangwa kwa mstari. Ukiingia katika chumba kama hicho siku ya makabidhiano utaridhika. Tatizo linaonekana wanafunzi 40 wanapokaa na kuwasha mashine 40 kwa wakati mmoja.

Tufanye hesabu pamoja, maana ni hesabu ambayo mkufunzi yeyote anaweza kuidai kabla ya kutia saini. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake hula takriban wati 150 hadi 200. Mashine 40 kwa wati 200 ni wati 8,000. Kwa umeme wetu wa volti 230, hiyo ni karibu ampea 35. Mzunguko mmoja wa soketi katika mtindo wa Kiingereza tulioufuata hulindwa na breka ya ampea 32. Ikiwa fundi ameunganisha chumba kizima kwenye mzunguko mmoja, kama anavyofanya kwenye ukumbi wa kawaida wa mihadhara, breka inaweza kuruka siku ya kwanza darasa likijaa. Haitaruka siku ya makabidhiano, kwa kuwa siku hiyo mashine zinazowashwa ni tano au sita za kuonyesha. Na mara nyingi soketi zenyewe zimepangwa ukutani ilhali meza ziko katikati, kwa hiyo nyaya za ekstensheni zinatandazwa sakafuni, watu wanazikanyaga, na baada ya muhula mmoja baadhi zimeungua. Kutenganisha mizunguko mitatu na kupitisha nyaya chini ya sakafu kabla ya vigae kuwekwa ni kazi ndogo. Baada ya vigae ni kazi ya kubomoa.

Intaneti nayo ina hesabu yake. Chuo kikilipia megabiti 10 kwa sekunde, na wanafunzi 40 wakafungua video pamoja, kila mmoja anabakiwa na robo ya megabiti. Video haitatazamika. Andiko lilisema intaneti ya kasi, mtoa huduma ameleta kasi aliyolipwa, na mkufunzi anasimama mbele ya darasa linalosubiri. Huku miinuko ya Meru huongeza shida nyingine: mabonde na vilima hukata mawimbi, hivyo chuo kilichoko kilomita chache tu kutoka mjini kinaweza kuwa na mtandao dhaifu kuliko mtaa wa pili. Kipimo cha mawimbi kilichochukuliwa getini hakisemi lolote kuhusu chumba kilicho nyuma ya kilima.

Sasa yale yanayobaki bila kukamilika. Kwa uzoefu wa jumla, mara chache huwa ni jengo. Ni pazia: projekta imefungwa vizuri, lakini dirisha kubwa linatazama mashariki na katika kipindi cha saa mbili asubuhi hakionekani kitu ukutani. Ni nenosiri la msimamizi wa mfumo, ambalo fundi wa kampuni aliliweka, akamaliza mkataba, akaondoka nalo. Ni leseni ya programu iliyolipiwa mwaka mmoja. Ni mteremko wa kiti mwendo ulioko kwenye mchoro lakini ukaondolewa fedha zilipopungua, ingawa ndiyo njia pekee ya mwanafunzi mwenye ulemavu kuingia humo. Ni vumbi. Kuanzia Agosti hadi Oktoba vumbi la udongo huu wa volkano huingia kila mahali, na hakuna fungu la kusafisha ndani ya mashine wala kifuniko cha kila moja.

Vitu hivi vinaachwa kwa sababu ni vidogo. Katika mkataba wa ujenzi sehemu ya malipo ya mkandarasi huzuiliwa mpaka kipindi cha matazamio kiishe, kwa kawaida miezi 6 hadi 12, ili kasoro zikijitokeza azirekebishe. Ni utaratibu mzuri. Lakini kasoro za chumba cha kufundishia hujitokeza kikitumika. Kama kimefungwa miezi minane kikisubiri umeme wa njia tatu au meza, kipindi cha matazamio cha miezi sita kinaisha kabla hakijajaribiwa, mkandarasi analipwa haki yake, na breka inaanza kuruka mwezi wa tisa tangu makabidhiano.

Gharama hukua kwa njia hizo hizo, na nyingine. Ya kwanza ni fedha ya kigeni. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ya Marekani ilikuwa karibu Sh 2,330. Katikati ya 2024 ilikuwa imevuka Sh 2,600. Chukua mfano wa kompyuta 40 za dola 500 kila moja, yaani dola 20,000. Bajeti iliyoandikwa kwa bei ya kwanza ni Sh milioni 46.6, kwa bei ya pili ni Sh milioni 52 au zaidi. Tofauti ya zaidi ya milioni 5 imeletwa na muda peke yake. Kuna usafiri kutoka bandari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600 kwa barabara. Kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ambayo baadhi ya maandiko huisahau kwa kudhani msamaha utapatikana, na msamaha ukachelewa. Malipo ya mkandarasi yakichelewa, mikataba mingi humpa haki ya kudai riba. Na kila kitu kilichosahaulika kwenye mchoro kinarudi kama kazi ya nyongeza, kwa bei ya wakati huo na bila ushindani wa zabuni. Sijaona haja ya kumtafuta mwizi katika hesabu hizi. Wezi wapo, na vyombo vya kuwashughulikia vipo. Lakini mradi ulioendeshwa kwa uaminifu kamili unaweza kuzidi bajeti kwa sababu ya soketi na kalenda.

Baada ya fedha kuzidi, kinachokatwa kwanza ni mafunzo ya wakufunzi. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu naona ndipo hasara kubwa ilipo. Katika andiko mafunzo ni ya wiki mbili. Katika utekelezaji yanakuwa siku mbili ukumbini, mara nyingi kabla mashine hazijafungwa, mtoa mada akionyesha kwenye kompyuta yake jinsi ya kufungua akaunti kwenye mfumo kama Moodle. Wakufunzi wanasaini mahudhurio, wanapata cheti. Miezi mitano baadaye chumba kinafunguliwa na wengi wamesahau. Moodle yenyewe haidai ada ya leseni, na ni chombo kizuri, lakini inahitaji mtu wa kuitunza na mwalimu aliyeizoea.

Siku hizo mbili zingeweza kuzaa zaidi zikigawanywa. Mkufunzi aje na mada yake atakayoifundisha wiki hiyo hiyo, aondoke na kipindi kimoja kilichokamilika, akifundishe, kisha arudi baada ya wiki mbili aeleze kilichokwama. Mwenzake wa idara akae nyuma ya darasa amtazame, kwa lengo la kusaidiana. Hilo halihitaji fungu jipya, linahitaji ratiba.

Na wapo wakufunzi wengi ambao mradi haujawafikia au umesimama njiani. Kwao ningesema wasisubiri. Somo la dakika 45 likirekodiwa kwa video ya megabiti 1 kwa sekunde linakuwa karibu megabaiti 340, mzigo mzito kwa bando la mwanafunzi aliyepanga chumba Sakina au Kwa Mrombo. Somo hilo hilo kwa sauti tupu, kwa kilobiti 32 kwa sekunde, ni takriban megabaiti 11. Likigawanywa vipande vya dakika kumi, kila kimoja hakifiki megabaiti 3, na kinapita kwenye kundi la WhatsApp la darasa bila shida. Ambatanisha kurasa chache za PDF zenye michoro, na umempa mwanafunzi kitu anachoweza kukirudia usiku hata mtandao ukikatika. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 hadi vilipofunguliwa Juni 1, na nyaya mbili za baharini zilipokatika Mei 12, 2024 na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi, aliyekuwa ameshawagawia wanafunzi wake faili ndogo mapema alikuwa na pa kuanzia.

Umeme nao utakatika. Mwishoni mwa 2023 ulikuwa wa mgawo nchi nzima. Mkufunzi mwenye busara huandaa kipindi ambacho projekta ikizimika dakika ya kumi kinaendelea: swali lililoandikwa ubaoni, wanafunzi wawili wawili wanalijadili, mmoja anapiga picha jibu la kikundi kwa simu na kulituma baadaye. Katika maabara yenye mashine chache, watatu kwa kompyuta moja si vibaya ikiwa kila mmoja ana kazi yake, anayeandika, anayesoma maelekezo, anayekagua, na wanabadilishana kila dakika 15. Benki ya maswali iliyojengwa polepole kwenye faili la kawaida, maswali matano kila wiki, itahamishiwa kwenye mfumo wowote utakaokuja.

Turudi kwenye tarehe. Mradi una tarehe iliyoandikwa kwenye bango pale getini. Una tarehe ya makabidhiano. Naona ungefaa uwe na ya tatu, iandikwe kwenye mkataba wenyewe na ifungwe kwenye malipo: tarehe ya kipindi cha kwanza, darasa likiwa limejaa, mashine zote zikiwaka kwa saa mbili mfululizo, mwalimu wa chuo akifundisha na fundi wa kampuni akiwapo. Tarehe hiyo iwekwe baada ya muhula kuanza, si wakati wa likizo. Kipindi cha matazamio kihesabiwe kuanzia siku hiyo. Dhamana ya vifaa nayo ijadiliwe ianzie hapo, au angalau vifaa viletwe kwa awamu chumba kikiwa tayari. Wakandarasi wanaweza kulalamika kwamba fedha yao itakaa muda mrefu zaidi kwa sababu zisizo zao, mathalani chuo kikichelewa kuunganishiwa umeme. Ni hoja ya haki. Dawa yake ni mkataba useme upande gani unawajibika kwa nini, na kwamba chuo kikichelewesha kwa zaidi ya miezi kadhaa malipo yatoke.

Baada ya hapo linabaki suala la nani anaingia. Maabara nyingi hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa tisa na nusu alasiri, saa ambazo wanafunzi wako kwenye vipindi vingine. Anayesoma jioni baada ya kazi, na mjini Arusha wako wengi, anakuta kufuli. Jumamosi ufunguo uko kwa mtunza stoo, na mtunza stoo yuko nyumbani. Kabla ya kumlaumu, uliza anawajibika kwa nini. Katika vyuo vingi vifaa vimeandikwa kwa jina lake. Kipanya cha kompyuta kikipotea, yeye ndiye atakayeandika maelezo na huenda akakatwa mshahara. Mtu aliyewekwa katika hali hiyo atafunga mlango, na mimi pia ningefunga. Chuo kikitenga fungu dogo kila mwaka la vipanya, kibodi na nyaya zitakazoharibika kwa matumizi ya kawaida, kikamwondolea mtunza stoo dhamana ya vitu hivyo, na kikawaweka wanafunzi wawili wa mwaka wa mwisho kwa posho ya kusimamia daftari la kuingia na kutoka, mlango unaweza kubaki wazi hadi saa mbili usiku na Jumamosi nzima. Kwa wanafunzi wa kike wanaorudi mitaani, taa ya njia kutoka maabara hadi getini iingie katika bajeti hiyo hiyo.